Mwanamke wa Vitabuni na Haki Yake

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zetu wasomaji, katika darsa zetu za baada ya Magharibi hapa Isiolo tumeulizwa mara nyingi, na vijana wa shule na wazazi wao vile vile: Jee, yafaa Muislamu kusoma riwaya? Na muulizaji aghalabu huongeza swali la pili, nalo ndilo limchomalo hasa: Jee, yafaa binti azisome, na hali zimejaa habari za wanawake wasio na haya? Swali la kwanza jibu lake ni fupi. Hadithi ni maneno, na wanavyuoni wamekwisha kusema juu ya mashairi kwamba yaliyo mema ni mema na yaliyo maovu ni maovu. Na hukumu ya riwaya ni hiyo hiyo. Tena Mwenyezi Mungu Mwenyewe amemsimulia Mtume wake visa vingi, na mwanzo wa Sura Yusuf ameyaita masimulizi hayo kuwa ni mazuri kuliko yote. Mtu hawezi kuiharamisha hadithi kwa kuwa ni hadithi, ila awe hajui asomalo msikitini kila siku.

Swali la pili lataka kukunjuliwa, kwani muulizaji amelishika kwa mkia. Amemtazama binti anayesoma, wala hakumtazama mwanamume aliyeandika. Huyo mwanamke asiye na haya aliyemo kitabuni hakujiumba mwenyewe. Yuko mtu aliyekaa na kalamu yake akamkata umbo, akamvika nguo kisha akamvua, akamtia maneno kinywani, na alipokwisha kazi naye akamwua. Basi kabla hatujamuuliza binti kwa nini amesoma, insafu yataka tumuulize bwana kwa nini ameandika hivyo, na sisi wanaume wasomaji kwa nini tumenunua.

Hatusemi haya kwa kubahatisha. Itazame safu ya watu waliotujengea riwaya ya Kiswahili: Shaaban Robert wa Tanga; Muhammed Said Abdulla wa Unguja, ambaye Bwana Msa wake alitokea katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960; Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe; Said Ahmed Mohamed wa Pemba; Adam Shafi wa Unguja; Elvis Musiba na Ben Mtobwa wa Tanzania bara; Ken Walibora wa Kenya. Wote wanaume. Wanawake wapo, na ni dhulma kutowataja. Zainab Burhani alitoa Mali ya Maskini mwaka 1981 na Mwisho wa Kosa mwaka 1987, na huku kwetu Kenya wamekuja kina Clara Momanyi na Assumpta Matei, ambaye Chozi la Heri yake ilianza kutahiniwa katika shule za upili mwaka 2018. Lakini wamekuja nyuma, wakaikuta rafu imekwisha jazwa, na msomaji amekwisha zoezwa namna moja ya kumwona mwanamke.

Namna hiyo ni ipi? Twawapa wasomaji wetu jaribio dogo, wala halihitaji elimu kubwa. Twaa riwaya yo yote ya upelelezi au ya mapenzi iliyopendwa na vijana, ufungue ukurasa ambao mwanamume aingia kwa mara ya kwanza, kisha ufungue ule ambao mwanamke aingia. Aghalabu utaona kwamba mwanamume ameingia na kazi yake, na akili yake, na jambo alilolijia. Mwanamke ameingia na macho yake, na kiuno chake, na mwendo wake. Hesabu maneno aliyosifiwa mwili kabla hajafungua kinywa. Akiwa mzuri mno na sauti yake laini, mzoefu wa vitabu hivi hana haja ya kuendelea: bibi huyo ama ni mtego wa maadui, ama atauawa, ama usiku haupiti ila yu katika chumba cha shujaa. Kina Willy Gamba wa Musiba, tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974, na kina Joram Kiango wa Mtobwa, huzunguka mahoteli na viwanja vya ndege wakiokoa nchi, na warembo wamepangwa njiani kama taa za barabarani. Hatusemi kwamba waandishi hawa hawana ufundi. Ufundi wanao, na wako vijana wa mji huu ambao Kiswahili cha kusoma kwa raha wamekipata kwao kuliko kwa walimu wao. Na kwa sababu hiyo hiyo jambo hili si dogo: mtu husahau funzo la darasani, wala hasahau alichokisoma kwa raha.

Sanduku la pili ni la mama mwema. Huyu halali chumbani mwa shujaa. Huyu hulia, huvumilia, huuza vitumbua, kisha hufa mapema ili mwana apate safari yake. Hata Siku Njema ya Walibora, kitabu kizuri cha mwaka 1996 ambacho wengi wetu tunakipenda, humpumzisha mama yake Kongowea mapema, naye Zainabu Makame alikuwa mwimbaji ambaye mwenyewe angalikuwa na kisa kirefu cha kusimulia. Basi mwanamke wa vitabuni huwekwa katika moja ya sanduku mbili, ya malaika na ya malaya, na Kiswahili chenyewe kimeyakurubisha maneno hayo mawili kana kwamba kinatufanyia mzaha. Mama yako, na dada yako, na mkeo, na yule mama auzaye maziwa ya ngamia pale sokoni huku akiwasomesha watoto wanne, hawamo katika sanduku yo yote.

Na ili tusionekane tunalaumu tu, tutaje mfano wa mwanamume aliyeandika vinginevyo. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke aliyezaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, katika nyumba ya mafukara, akauza vyungu mjini, kisha akapanda kwa sauti yake hata akarikodiwa Bombay mwaka 1928, na akafa mwaka 1950. Sisi si watu wa taarabu, na wasomaji wetu waijua rai yetu juu ya ngoma na vinanda. Lakini insafu ni insafu. Mwandishi yule amemtazama mwanamke kwa kazi yake, na bidii yake, na jinsi alivyoyabeba maneno ya watu, wala hakuhitaji kumpima kiuno ndipo apate la kuandika.

Sasa yuko atakayetujibu: Enyi masheikh, hizi ni hadithi za kubuni; hakutajwa mtu, hakudhulumiwa mtu. Hoja hii twaikubali nusu. Katika Sura An-Nur, aya ya 4, Mwenyezi Mungu ameamuru kwamba wale wanaowasingizia wanawake wenye kujihifadhi, kisha wasilete mashahidi wanne, wapigwe mijeledi 80 na ushahidi wao usikubaliwe tena. Ni kweli kwamba mtunga riwaya hakumtaja binti fulani wa fulani, na kwa hiyo kifikihi hapana hadi juu yake. Asije mtu akatunukuu kwamba tumetaka waandishi wapigwe. Lakini aya ina hekima nje ya mjeledi. Hekima yake ni kwamba heshima ya mwanamke si kitu cha kuchezewa na ulimi, na kwamba ulimi wa mwanamume, ukiachwa bila hatamu, huenda huko upesi. Mwenye kumsingizia mwanamke mmoja aweza kupelekwa kwa kadhi. Mwenye kuwasingizia wote, akasema kwa njia ya hadithi kwamba wanawake wa mjini ndivyo walivyo, na wasomi ndivyo walivyo, na wajane ndivyo walivyo, huyo hana wa kumshitaki, naye aliowavunjia heshima ni wengi zaidi.

Kumbukeni kisa cha Ifki. Bibi Aisha (r.a.) alipoteza kidani chake katika safari ya kurudi kutoka vita vya Bani Mustaliq, akaenda kukitafuta, msafara ukaondoka wakidhani yumo katika machela yake, Safwan bin Muattal akamkuta, akampandisha ngamia wake na yeye akaenda kwa miguu mpaka wakalipata jeshi. Safari hiyo tu. Lakini Abdullah bin Ubayy na wenziwe walikwisha kutunga riwaya nzima: mwanamke kijana, mwanamume, jangwa, usiku. Muda wa mwezi mzima mji wa Madina ukaisoma riwaya hiyo kwa masikio, mpaka zikashuka aya za kumtakasa. Sisi twapenda wasomaji walitazame hasa jambo moja katika kisa hiki. Mtume (s.a.w.) alimuuliza Zainab binti Jahsh, mke mwenza wa Bibi Aisha na mshindani wake katika cheo nyumbani, naye akasema hajui kwake ila kheri. Nduguye Hamna aliteleza akaingia katika maneno, wala historia haikumficha. Kwa hivyo umewapata wanawake wawili wa nyumba moja ya baba, mmoja ameteleza na mmoja, aliyekuwa na kila sababu ya kuona wivu, amesema haki. Mtuonyeshe riwaya ngapi za kwetu ambazo mke mwenza amesimama akamtetea mwenzake. Sisi tujuazo, mke mwenza huenda kwa mganga.

Tuje sasa kwenye Sura Yusuf, kwani humo ndimo ilimo kanuni ya kusimulia dhambi ya mwanamke. Wengine wadhani kwamba dini yataka wanawake wa hadithi wawe wema tu. Sivyo. Mke wa Azizi alimtamani mtu aliye chini ya mamlaka yake, akafunga milango, akamfukuza mpaka mlangoni, na mume alipotokea akamgeuzia Yusuf hatia. Hii ni dhambi mbaya, imesimuliwa wazi, wala haikupambwa. Lakini angalieni jinsi ilivyosimuliwa. Kwanza, hapana neno hata moja juu ya mwili wake: hatujui macho yake, wala nywele zake, wala alivyovaa, hata jina la Zulekha halimo katika Qur'ani. Uzuri uliowapumbaza watu katika sura hiyo ni wa mwanamume, na wanawake wa mji ndio waliojikata mikono kwa visu. Pili, hakuhukumiwa kwa dhana, bali kwa kanzu: imechanwa mbele au nyuma? Akaletwa shahidi katika jamaa zake mwenyewe. Tatu, nalo ndilo kubwa, hakufungiwa katika dhambi yake. Miaka ikapita, na katika aya ya 51 yeye mwenyewe akasimama akakiri kwamba haki imedhihiri, na kwamba yeye ndiye aliyemtaka Yusuf, na Yusuf ni mkweli. Amepewa kinywa chake. Mwandishi wa siku hizi angalimwua ukurasa wa mwisho, kwa sumu au kwa gari, ili msomaji apate kutulia.

Hapo ndipo tulipotaka kuwafikisha ndugu zetu wa mimbarini, na tunajua baadhi yao hawatatupenda. Ni mara ngapi tumesikia mhubiri akitaja kwamba Mwenyezi Mungu amesema vitimbi vya wanawake ni vikubwa? Kisha mwingine, akijiona mjuzi zaidi, akaongeza kwamba katika Sura An-Nisaa, aya ya 76, vitimbi vya Shetani vimeambiwa ni dhaifu, na kwa hiyo mwanamke amemshinda Shetani. Watu wakacheka, akina mama nyuma ya pazia wakanyamaza. Ndugu zetu, fungueni msahafu. Maneno yale katika aya ya 28 ya Sura Yusuf ni maneno yaliyonukuliwa: ameyasema mume aliyekasirika alipoiona kanzu imechanwa nyuma, na wako waliosema ni yule shahidi, akawaambia wanawake wa nyumba ile. Si hukumu ya Mwenyezi Mungu juu ya mama zenu. Tena neno lenyewe la kitimbi limekwisha kutumiwa katika sura hiyo hiyo, aya ya 5, Nabii Yaqub alipomwonya mwanawe kwamba nduguze watamfanyia vitimbi, na nduguze walikuwa wanaume, nao walimtia kisimani. Na katika aya ya 76 asili ya neno hilo hilo imetumiwa kwa mpango wa Mwenyezi Mungu Mwenyewe wa kumsaidia Yusuf. Basi mwenye kulikata neno katikati ya kisa akalifanya hukumu ya jinsi nzima ya wanawake, amefanya kazi ile ile ya mtunga riwaya za bei rahisi, ila yeye amevaa kilemba.

Na hadithi ya ubavu nayo imefanywa vivyo hivyo. Mtume (s.a.w.), katika riwaya ya Bukhari na Muslim kwa Abu Huraira, ameanza kwa kuusia wanawake watendewe wema, na akamaliza kwa wasia huo huo, na mfano wa ubavu ukawa katikati, kuwakataza wanaume wasiwavunje kwa kutaka kuwanyoosha. Watu wamekata kichwa na mkia, wakabaki na ubavu. Msomali mmoja, Nuruddin Farah, aliandika kwa Kiingereza mwaka 1970 riwaya aliyoiita From a Crooked Rib, na jina hilo amelitoa katika methali ya kwao juu ya ubavu uliopinda. Habari zake ni za Ebla, binti wa wafugaji, yatima, ambaye babu yake amemwoza kwa mzee, naye akatoroka. Wasomaji wetu wa Garba Tulla na Merti wamjua Ebla bila ya kukiona kitabu. Mambo anayoyatenda akifika Mogadishu hatuyahalalishi, na wala mwandishi hakutuomba tuyahalalishe. Lakini Ebla anafikiri. Kila hatua anajiuliza, anapima, anajibu. Hilo tu, mwanamke anayefikiri katika kitabu cha mwanamume, lilikuwa jambo geni mwaka ule, na bado si la kawaida.

Inatupasa basi tuwatofautishe waandishi, tusiwatie wote katika kapu moja. Wako waliomtumia mwanamke kuuza kitabu, nao tumekwisha kuwasema. Na wako waliotaka kumtetea. Kezilahabi alitoa Rosa Mistika mwaka 1971, na kitabu kikapigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa kuwa kimesema wazi mambo ya zinaa na kutoa mimba. Said Ahmed Mohamed alitoa Utengano mwaka 1980, nayo imewahi kusomwa katika shule za upili za Kenya. Adam Shafi alitoa Vuta N'kuvute mwaka 1999, ikafanywa sinema na Amil Shivji mwaka 2021. Vitabu vitatu, na katika kila kimoja yupo binti aliyeharibiwa na mkono wa mkubwa wake. Rosa alilelewa na baba mlevi aliyemtisha na kumpiga, na kumlinda asione mwanamume, asimfunze lo lote la kumsaidia siku atakapoonana na mwanamume. Maimuna alifungiwa ndani na Maksuudi, mtu mwenye cheo na sura ya ucha Mungu mchana, na usiku akijua milango ya kwingine. Yasmin aliozwa akiwa mtoto kwa bwana anayelingana na baba yake.

Kasoro ya vitabu hivi tutaisema: waandishi wake, juu ya nia yao njema, hawajui njia nyingine ya kumtoa binti katika dhulma ila kumpitisha katika danguro au ulevi au kitanda cha mtu. Kana kwamba mwanamke akiutoka mkono wa baba hana pa kwenda ila shimoni. Rosa mwisho hujiua. Ziko nyumba hapa Isiolo ambazo binti amedhulumiwa, akasimama, akasoma, akaolewa kwa radhi yake au akakaa mjane akafanya biashara yake, wala hakupita danguroni. Habari hizo hazijapata mwandishi. Na tuseme vile vile kwamba namna wanavyoyaeleza mengine mambo ya chumbani imepita haja; kanuni ya kanzu iliyochanwa ingaliwatosha.

Lakini baada ya kuisema kasoro, twauliza: katika vitabu vile, aliyewekwa kizimbani ni nani? Ni baba. Ni Zakaria, na Maksuudi, na wakubwa waliomwoza Yasmin. Na sisi akina baba, badala ya kujitazama, tumekikasirikia kioo.

Liko jambo lililotokea katika mji wetu, na tutalisema bila ya kumtaja mtu. Baba mmoja, mtu wa swala tano, alipata riwaya chini ya godoro la binti yake aliyekuwa kidato cha tatu. Hakuuliza. Akaichana, akampiga, akamtoa shule, na karo ya muhula imekwisha lipwa. Tulipopata habari tulimwendea tukakaa naye barazani, akatupa chai kwa heshima zote.

Tukamwambia, "Mzee wetu, kitabu chenyewe kilisema nini?"

Akasema, "Sheikh, jalada lake lilinitosha."

"Hukukisoma?"

"Nisome uchafu, Sheikh?"

Tukamweleza kwamba kitabu kile ni habari za baba aliyempiga binti yake na kumfungia, na jinsi binti alivyopotea kwa sababu hiyo. Akanyamaza kitambo kirefu akiizungusha tasbihi yake, kisha akasema kwamba mambo ya nyumba yake ayajua mwenyewe. Hapo pana ukweli wake, nasi hatukuvuka mpaka wa nyumba ya mtu. Lakini mpaka tunapoyaandika haya binti hajarudi shule, muhula mwingine umekaribia kufunguliwa, na twasikia kwamba mchumba ametajwa, mtu mzima mwenye wake wawili. Twawaomba wazee wa mji walio karibu na nyumba ile, nao wanajijua, waende tena, na wakienda wasianze na kitabu, waanze na radhi ya binti katika ndoa, ambayo Mtume (s.a.w.) ameiamrisha, na kwamba binti aliyemjia akilalamika ameozwa bila ya kupenda alimpa hiari ya kukubali au kukataa. Hayo yamo katika vitabu vya hadithi, na akitaka kuonyeshwa tutamwonyesha.

Tena twawaambia akina baba kwa jumla: mnaogopa binti asijifunze uovu kwa Rosa na Maimuna. Hofu hiyo twaielewa. Lakini mtoto wa kiume naye asoma, na yeye hamjamtazamia godoro lake. Asoma kwamba shujaa ana gari, na bastola, na mwanamke mpya katika kila mji, na kwamba mwanamke akisema hapana maana yake ngoja kidogo. Huyo ndiye atakayekuja kuoa binti zenu. Mwaogopa binti ataiga malaya wa kitabuni, wala hamwogopi kwamba mvulana atatazama kila mwanamke na kumwona malaya. Sisi twaona hatari hii ya pili ndiyo kubwa, kwani ya kwanza watu wailinda usiku na mchana, na ya pili haina bawabu.

Na mwisho wa maneno yetu juu ya Qur'ani katika mlango huu: katika Sura At-Tahrim, aya za 10 mpaka 12, Mwenyezi Mungu ametoa mifano minne, yote ni wanawake. Wawili ni mifano kwa waliokufuru, nao ni mke wa Nuhu na mke wa Luti. Na wawili ni mifano kwa walioamini, nao ni mke wa Firauni na Maryamu binti Imrani. Hakusema mifano kwa wanawake walioamini. Amesema kwa walioamini, na sisi wenye ndevu tumo. Twaamrishwa tujifunze imani kwa mwanamke aliyekuwa katika nyumba ya jabari, akamwomba Mola wake nyumba Peponi. Na Sura Al-Mujadila imefunguliwa kwa habari ya mwanamke mwingine, Khaula binti Thaalaba, aliyekuja kubishana na Mtume (s.a.w.) juu ya mumewe aliyemfananisha na mgongo wa mama yake, na mashitaka yake yakasikiwa juu ya mbingu saba, na sheria ikabadilika. Mwanamume wa vitabuni mwetu akikutana na mwanamke mlalamishi humfanya kichekesho.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, Mungu amrehemu, aliyeanzisha Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, alijua kwamba karatasi haipingwi ila kwa karatasi. Nasi huku kaskazini twafuata njia hiyo. Mwana Kupona wa Pate alikuwa mgonjwa wa kufa, karibu na mwaka 1858, alipomtungia binti yake utendi wake. Na wanaume wameufanya utendi ule kuwa kama kanuni ya kuwaamrisha wake zao, wakasahau kwamba ni mama anayeaga mtoto wake. Akina mama wa Kisomali wa mji huu wana buraanburi zao, na akina mama wa Kiborana wana nyimbo zao za harusi na za mifugo, na humo mwanamke hujieleza kwa ulimi wake. Wasichana walio katika shule zetu waweza kuyaandika haya kwa Kiswahili. Clara Momanyi katika Nguu za Jadi amemweka Mangwasha katikati ya kisa, si pembeni, na kitabu hicho kimechaguliwa kusomwa katika shule; kwa hiyo mlango uko wazi.

Darsa yetu, kuanzia Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao baada ya Alasiri, itasoma Sura Yusuf kwa tafsiri, aya kwa aya, na pamoja nayo riwaya tatu tulizozitaja: Rosa Mistika, Utengano na Vuta N'kuvute. Upande wa wanawake utakuwa na mwalimu wao, wala hatutapeleka mwanamume akawafasirie. Watakaoandika visa vyao wenyewe, wavulana kwa wasichana, watasomewa mbele ya wote, na vilivyo bora tutavichapa katika kurasa hizi, jina la mwandishi likitajwa au likifichwa kama apendavyo. Akina baba twawaalika hasa siku ya kwanza. Aliyepata kitabu chini ya godoro la mtoto wake na akilete, lakini akilete amekwisha kukisoma.

Wabillahi taufiq.